Ile Saa Ndiyo Namba

Baba hakuiita kadi. Aliiita jino. Kwenye uso wa ile kadi ya benki, upande wa kushoto, palikuwa na kipande kidogo cha rangi ya dhahabu chenye mistari kama ya gamba la kobe. Siku alipokabidhiwa pale benki Korogwe aliiinua kwenye mwanga wa dirisha akasema, "Wameitia jino la dhahabu. Kama matajiri wa zamani." Kijana wa benki akacheka, na mimi nikacheka, maana mimi kicheko changu hakihitaji kusukumwa. Mkata pale stendi wananijua kwa kucheka. Hata siku za msiba wa mama kuna watu walisema, mbona yule binti hacheki, ana nini.

Kijana wa benki alitueleza taratibu, kama mtu aliyezoea wazee. Kadi za zamani zilikuwa na utepe mweusi tu mgongoni, mtu anaburuza, basi. Hizi mpya unachomeka, mashine inasoma kile kipande, halafu inakuuliza namba ya siri. Bila namba hakuna kitu.

"Hata India, mzee, ni hivyo hivyo. Unachomeka, unabonyeza, umelipa. Sasa chagua namba nne. Usiweke mwaka wa kuzaliwa, wezi ndiyo wanaanza nao."

"Mwaka wangu wa kuzaliwa siujui," baba akasema. "Ule uliopo hapo aliuweka karani."

"Basi weka kitu ambacho hata ukiamshwa usingizini unakikumbuka."

Baba alifikiri mpaka mtu wa nyuma yetu kwenye foleni akaanza kukohoa. Halafu akasogea kwenye kile kimashine, na mimi nikageuka nikampa mgongo.

Kwetu ndivyo. Jambo la siri la mzazi hulikodolei macho. Hata anapofungua kibindo kutoa noti, unatazama pembeni, unahesabu kuku wanaopita. Kijana wa benki alishangaa. "Dada, si wewe ndiye unayemsindikiza? Ungeangalia, ukamsaidia huko."

"Ana adabu huyo," baba akajibu kwa niaba yangu, na nikasikia vidole vyake vinabonyeza, kimoja kimoja, kama anapanda mbegu.

Kabla hatujaondoka yule kijana akatuonya jambo moja. Ukikosea namba mara tatu, kadi inajifunga. Ikishajifunga haifunguliwi popote ila hapo kaunta, na mwenye kadi awepo mwenyewe.

"Hata nikiwa India?"

"Hata ukiwa mwezini, mzee."

Tukatoka, tukanunua machungwa pale stendi, tukapanda gari la Segera. Baba alikaa dirishani na jino lake mfukoni mwa ndani ya koti, mkono juu yake, kama anayeshika moyo. Na kweli moyo ndio uliokuwa unatupeleka.

Nieleze kidogo. Mlango mmoja wa moyo wa baba ulikuwa haufungi sawasawa. Alikuwa akilima mistari miwili ya mahindi anakaa chini, akipanda kilima kidogo tu midomo inabadilika rangi. Daktari akasema apasuliwe, na kule alikosema kuna nafasi ya haraka ni India. Ndugu wakakaa kikao. Baba alikuwa na kipande cha shamba kinachogusa lami, pale magari ya Segera na Chalinze yanapopita, na siku hizo kila mwenye fedha alikuwa anatafuta kiwanja barabarani, ajenge gesti, ajenge kituo cha mafuta. Babu yetu alilima mihogo pale bila kujua kwamba siku moja lami itakuwa mali kuliko udongo. Kikauzwa. Fedha yote ikaingia benki, na benki ikaingia kwenye ile kadi. Kwa hiyo kadi ilikuwa shamba, na ilikuwa baba.

Shangazi, dada yake baba aliyeolewa Mpale, hakuipenda toka mwanzo. Alishuka kutoka milimani kuja kutuaga, akaigeuzageuza mkononi.

"Shamba zima limeingia humu?"

"Limeingia, dada."

"Mimi ningeitaka noti. Ningeifunga kwenye kanga, kanga nikaifunga kiunoni, anayeitaka anivue kwanza."

"Nani atakuvua wewe!" baba akamwambia, na watu wakacheka hadi mwenyewe shangazi akacheka.

Mimi pia nilicheka, lakini nilikuwa nasikia kicheko changu kama kinatoka chumba cha pili. Hivyo ndivyo nilivyokuwa tangu mama afariki. Sikuwa na uchungu wa kulia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaugusa unajua ni wako, lakini hauna habari. Mama alifia hospitali, huko huko Korogwe, asubuhi, mimi nikiwa nimetoka kununua uji. Niliporudi na chupa ya uji nikamkuta baba amesimama mlangoni mwa wodi na kofia yake mkononi. Baba hakai na kofia mkononi. Akasema, "Mama yako ameondoka. Saa moja na nusu."

Na maneno hayo aliyarudia siku zote za matanga. Kila aliyefika, akishakaa mkekani na kutoa pole, anauliza ilikuwaje, na baba anaeleza upya, tangu homa ya kwanza, mpaka anafika hapo: "Saa moja na nusu asubuhi akaondoka." Nilikuwa naosha masufuria nyuma ya nyumba, nayasikia. Mara ya kwanza yalinichoma. Baadaye yakawa kama mlango unaofungwa na upepo, unajua tu utafunga. Baada ya arobaini hakuna aliyeyasema tena. Nyumbani tukawa tunasema "ile saa," na mara nyingi hata hiyo hatusemi.

Mimi nilikuwa na ndoto nyingi za ndege. Toka nikiwa mdogo nilikuwa nalala chali uwanjani naziangalia zikipita juu, napanga nitavaa nini. Nilikuwa na ndoto nyingine pia, ya saluni pale Mkata yenye kioo kikubwa cha ukuta mzima, na mpaka leo ninayo. Lakini siku ndege iliponyanyuka Dar es Salaam nilitazama taa zinavyopungua chini na nikasema moyoni, haya, ndiyo hii. Baba alikuwa ananiuliza, "Unaonaje?" nami nikamwambia, "Nzuri, baba." Nilimwambia nzuri kwa sababu ilikuwa kweli nzuri.

Mji tuliofikia ulikuwa na joto kama la Korogwe mwezi wa pili, ila watu ni wengi na honi hazilali. Tulipanga chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali. Mtaa mzima ulikuwa wa wagonjwa na wauguzaji, Waarabu, Wasudani, Watanzania. Huko kila duka lina kimashine cha kadi. Duka la dawa, la sabuni, hata mtu anayeuza ndizi alikuwa nacho, kimefungwa kwa mpira. Baba alifurahi. Kila tukinunua kitu, hata mswaki, anatoa jino lake, anachomeka mwenyewe, halafu ananiangalia. Nami nilijua kazi yangu. Nageuka, natanua kanga yangu mikono miwili, namzibia. Yaani ungedhani namziba mtu anayeoga. Wenye maduka walikuwa wanachungulia juu ya kanga kuona huyu mzee anafanywa nini.

Aliyetucheka zaidi alikuwa mama mmoja wa Tabora, Mnyamwezi, aliyekuja kumuuguza mumewe. Chumba chake kilitazamana na chetu. Siku ya kwanza tu, alipotuuliza kwetu ni wapi nikamwambia Mkata, Handeni, akapiga makofi.

"Watani zangu! Wazigua! Na huku mmefika? Nani anawalindia uchawi wenu?"

"Tumeuacha Tabora, kwa watu wenyewe wanaoujua," baba akajibu, na siku hiyo alikula vizuri.

Alipotuona dukani na kanga yetu, akashika kiuno. "Mtani, huyo binti si damu yako? Atakuibia nini, figo?"

"Simwogopi yeye. Naogopa macho yako."

"Macho yangu yana kazi nyingine. Nyie Wazigua mnaficha hela mpaka inasahau njia ya kurudi."

Nilimpenda mama yule. Alikuwa akiniita "mtani mdogo," ananigawia mchele wake, ananifundisha kutaja bei kwa vidole. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, na kile cha kule kilikuwa kinakimbia.

Hospitali tulilipa nusu tulipofika. Nusu ya pili tuliambiwa italipwa siku ya upasuaji ikipangwa, na siku ikapangwa, tukaijua, tukajiandaa. Sasa mgonjwa mwingine wa zamu ya mbele yetu akapata homa, wakamwahirisha, wakamvuta baba mbele siku moja. Sisi tukaona ni baraka. Asubuhi muuguzi akaja, akambadilisha nguo, akamchoma sindano ya kumtuliza kabla ya ile ya usingizi wenyewe. Baada ya hapo ndipo akaja mtu wa ofisi ya malipo na karatasi, akanieleza taratibu kwa Kiingereza na mikono: iliyobaki ilipwe sasa, kabla mgonjwa hajaingia. Isipolipwa, chumba cha upasuaji atapewa mwingine aliye tayari, na sisi tusubiri tena, na hakuna anayejua hadi lini. Daktari alikuwa ameshatuambia wiki ile ile kwamba moyo wa baba si wa kusubiri tena.

Nikamwendea baba. Alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu pale korido, macho mazito.

"Baba, wanataka iliyobaki. Sasa hivi."

Akapapasa chini ya mto, akatoa kadi. Akavua na saa yake ya mkononi, maana muuguzi alikuwa ameshamwambia aivue, akanipa vyote viwili.

"Namba, baba."

Alinitazama. Ulimi ulikuwa umeshaanza kulala. Akasema, pole pole, kama mtu anayetoa kitu kizito kwenye gari, "Ile saa ya mama yako."

"Ndiyo namba?"

"Ndiyo."

Akafumba macho. Nilivaa saa yake mkononi ili nisiipoteze, nikaenda dirisha la malipo. Sikuwa na huzuni wala hofu. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe.

Bwana wa dirishani alikuwa na masharubu na sauti ya upole. Akachomeka kadi, akanisogezea kimashine. Ile saa. Saa moja na nusu asubuhi. Nikabonyeza: sifuri, saba, tatu, sifuri.

Mashine ikafikiri. Ikalia mlio mfupi. Bwana akasoma, akatikisa kichwa, akanionyesha nirudie.

Nikadhani vidole vimeteleza. Nikafuta mkono kwenye kanga. Nikabonyeza tena, moja moja, najiangalia: sifuri. Saba. Tatu. Sifuri.

Mlio ule ule.

Yule bwana aliinua kidole kimoja. Imebaki moja. Halafu akachomoa kadi taratibu, akaniwekea mkononi, akaelekeza kidole kwenye saa ya ukutani kunionyesha kwamba muda upo, lakini si mwingi.

Mama wa Tabora alikuwa ananisubiri kwenye viti. Nikamwambia. Akaacha utani papo hapo, akanipa simu yake yenye laini ya kule. "Piga nyumbani. Muulize mtu mzima."

Nikampigia shangazi Mpale. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikapokelewa, upepo mwingi, kuku.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu! Mmeshampasua?"

"Bado, shangazi. Nataka kukuuliza kitu. Mama..." Hapo nikakwama. Nilikuwa sijawahi kumuuliza mtu. "Mama alifariki saa ngapi?"

Upepo tu. Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Ndugu yangu amekufa? Niambie. Usinizungushe."

"Hajafa, shangazi! Ni namba ya kadi. Ameniambia namba ni ile saa."

"Namba gani ya saa?"

"Ya siri. Ya kutolea hela. Nimeiweka imekataa mara mbili, ya tatu inajifunga."

"Nilisema mimi! Nilisema kanga!" Akavuta pumzi. "Ni saa moja na nusu. Asubuhi. Mimi nilifika saa tatu nikamkuta kashafunikwa, baba yako akaniambia saa moja na nusu. Hajawahi kusema nyingine."

"Si saa mbili kasoro?"

"Mwanangu, kaka yangu ni mtu wa kukosea hilo?"

Kweli hakuwa.

"Rudi kaombe dua, halafu wekeni hiyo hiyo," shangazi akasema. "Na unipigie. Mimi sitoki hapa kwenye jiwe, mtandao upo hapa tu. Hata uji sijatia moto, saa mbili yote hii."

Simu ikakatika.

Mama wa Tabora akanishika goti. "Kasemaje?"

"Ile ile. Saa moja na nusu."

"Na wewe umeweka ile ile?"

"Ile ile."

"Basi wazee wawili hawawezi kukosea. Imekosea mashine au umekosea wewe."

Wakati huo wakamsogeza baba. Kitanda kilipita mbele yetu mpaka karibu na ile milango miwili inayofunguka yenyewe, kikasimama hapo. Muuguzi akaniangalia, akaangalia dirisha la malipo. Nilimwona baba kidole cha mguu kimetokeza kwenye shuka, kimepasuka kwa jembe, kina udongo wa kwetu ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. Nilikiangalia tu. Nikawa nafikiri mambo ya ajabu, kwamba soksi zake ziko kwenye begi, kwamba ndizi zitaiva sana.

Nikatazama saa yake mkononi mwangu, si kwa kutafuta chochote. Macho yalihitaji pa kukaa. Mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili.

Saa mbili yote hii, shangazi alisema.

Saa ile nilikuwa nimeiona mkononi mwa baba maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuisoma. Nani anaisoma saa ya baba yake? Unamuuliza, anakwambia. Tulipofika kule nilimwambia airekebishe ifuate ya wenyeji, akakataa, akasema ya nyumbani inamtosha. Sasa nyumbani ni saa mbili asubuhi, na mshale uko kwenye mbili. Simu ya shangazi muda ule ilikuwa inaonyesha nane. Simu zote zinaonyesha nane. Ila baba aliitegesha saa yake ifuate mdomo wake. Akisema mbili, mshale uwe kwenye mbili. Hakutaka usumbufu wa kutazama nane na kutamka mbili.

Na mimi kichwani mwangu saa moja na nusu ina sura moja tu, ile ya kwenye simu. Sisi watoto wa simu tunatamka moja, tunaandika saba, na hatuoni ajabu yoyote. Hata sijui ni nani alinifundisha. Baba, siku ile mlangoni mwa wodi, alipotazama mkono wake, hakuona saba yoyote.

"Mama," nikamwambia yule wa Tabora, "ni moja. Ni moja yenyewe."

"Moja nini?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshafika dirishani. Bwana wa masharubu akachomeka kadi, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mwenzake anavuka mto. Nikabonyeza sifuri. Nikabonyeza moja. Nikasimama hapo. Nikajiuliza, na kama sivyo? Na kama ilikuwa saa nyingine, ambayo alituficha sote? Nyuma yangu mtu akahamisha mguu. Tatu. Sifuri. Kile kitufe cha kijani.

Mashine ikafikiri muda mrefu kuliko mwanzo, au mimi niliona hivyo. Halafu ikaanza kutoa karatasi.

Bwana wa masharubu akatabasamu meno yote. Akagonga muhuri. Mama wa Tabora alipiga kigelegele pale pale hospitalini, mlinzi akaja mbio, wakaanza kugombana kwa lugha mbili ambazo hazikujuana. Mimi nilisimama na karatasi. Milango ikafunguka, kitanda kikaingia, ikafunga. Sikuhisi kitu. Nilijua kwamba ni furaha, kama unavyojua mvua inanyesha huku uko ndani. Nikampigia shangazi aliyekuwa kwenye jiwe lake, nikamwambia imekubali, ameingia. Akasema alhamdulillah mara nyingi, halafu akauliza, "Kwa hiyo ilikuwa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, shangazi."

"Si nilikwambia!"

Baba alitoka salama. Alikaa chumba cha uangalizi, mipira puani, kifua kimefungwa, na siku waliyoniruhusu niingie nimwone vizuri alinipapasa mkono kwanza, akaikuta saa yake.

"Ulilipa?"

"Nililipa, baba."

"Uliijua?"

"Niliijua." Sikumweleza mengine, alikuwa amechoka. Nikamuuliza jambo ambalo nisingemuuliza akiwa mzima: "Kwa nini hiyo, baba?"

"Yule kijana wa benki alisema kitu cha kukumbuka usingizini. Kuzaliwa kwangu sikukuona. Ile niliiona." Akafumba macho. "Nilikuwa nakwenda kumwita muuguzi. Nikatazama saa nijue nimwambie nini."

Nikamlowesha midomo kwa pamba. Hatukuongea tena habari hiyo.

Lakini kadi ikabaki kwangu. Baba hakuweza kutoka kitandani, na dawa zilikuwa zinanunuliwa nje, duka la ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo ikawa mimi ndiye wa kuchomeka na kubonyeza. Mara ya kwanza ilikuwa ya dawa ya maumivu. Niliposhika kile kimashine nikaiona wodi ya Korogwe, kitanda cha chuma, chupa yangu ya uji yenye maua mekundu. Nikabonyeza ile saa, mwenye duka akanipa dawa na risiti. Jioni nikabonyeza tena, ya maziwa. Kesho yake ya sabuni na ya ndizi. Kila mara mama alikuwa pale, halafu pole pole akawa anachelewa kufika. Nabonyeza, nachukua mfuko, nipo mlangoni ndipo anakuja. Nilikuwa nanunua viberiti kwa ile saa. Nilinunua ndala za kuogea. Mama wa Tabora alishangaa siku aliponiona dukani peke yangu, nimesimama wima bila kanga.

"Mtani mdogo, leo hujifichi?"

"Namficha nani, mama?"

Siku moja baba akiwa ameshaanza kukaa kitako na kulalamikia chakula, alinituma ndizi, akaniambia na wewe jinunulie kitu, umekonda. Mtaani palikuwa na kaduka ka bangili, za kioo, rangi zote, zimepangwa mpaka darini. Msichana muuzaji alikuwa wa rika langu. Alinivalisha mwenyewe, akaminya kiganja changu hadi nikapiga kelele, akacheka, nikacheka, akanionyesha za kijani, nikakataa, akanionyesha za njano. Tuligombana bei kwa vidole. Nikachomeka, nikabonyeza, huku bado namcheka kwa jinsi alivyokuwa anatingisha kichwa. Risiti ikatoka. Nikaaga.

Nilikuwa nimeshavuka barabara ndipo nikasimama. Nilikuwa nimebonyeza na sikumwona mama. Si wodi, si uji, si baba na kofia mkononi. Zilikuwa tarakimu nne tu, kama za mtu yeyote.

Nikajaribu kumwita. Nilisimama pale kwenye kona, pikipiki zinanipita pande zote, nikaisema kwa sauti, kwa Kiswahili, katika mji ambao hakuna wa kunielewa: saa moja na nusu. Nikasubiri. Nikaisema tena. Mtu mmoja aliyebeba magazeti alinitazama akapita.

Mpaka leo sijui kama nilipona kitu pale au nilipoteza. Bangili zililia mkononi nilipouinua kusimamisha gari ili nivuke, na nikakumbuka kwamba sijanunua ndizi. Nikarudi nikazinunua, nikampelekea baba.